Mlokole akidaiwa: nilizima simu miezi miwili (uzi mrefu, vumilieni)

Mkulima wa Mpunguzi (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Humu mimi ni msomaji tu, kazi yangu kucheka na kupita. Leo naandika kwa sababu Jumapili nje ya kanisa kijana mmoja kanishika mkono kaniuliza, "mzee, mtu anabakije na ushuhuda wakati kila kitu kwake kimeharibika?" nikamjibu tuombe sana mwanangu. Nimefika nyumbani nikajiona mnafiki maana jibu ninalo, tena nimelilipia, ila lina aibu ndani yake ndo maana nililimeza. Hapa hamnijui kwaiyo nalitema.

Nalima zabibu, ekari moja na nusu, barabara ya Iringa ukishapita Bihawana. Kabla hamjaniuliza mlokole analimaje zabibu za mvinyo, mjadala huo nausikia tangu kijana, mapadri wa Bihawana wanasimuliwa ndo walizileta huku kwa ajili ya misa, mimi nauza tunda na anayelinywa atajibu mwenyewe. Tuendelee.

Mwaka juzi nilijilipua. Kikoba nilikopa milioni moja na laki mbili, dawa na salfa nikachukua mali kauli, yaani bidhaa sasa hela baadaye, kwa mzee mmoja wa pembejeo mjini, laki sita na arobaini. Kwa wasiojua, zabibu bila salfa ubwiri unga unakumaliza, kichane kizima kinakuwa kama kimemwagiwa sembe. Nikapiga dawa, nikalipa vibarua, shamba likapendeza mpaka wapita njia wanasimama. Halafu mvua. Dodoma hii hii ambayo tunaililia mvua, mwaka ule ikashuka zabibu zikiwa zimeshaiva, punje zinapasuka zenyewe, wanaofaidi ni nyuki na nyigu. Zilizopona, mnunuzi wetu (simtaji na msinilazimishe) akasema matangi yamejaa tusubiri wiki mbili. Jamani zabibu iliyoiva hausubirishi wiki mbili, sio mahindi yale. Nikaishia kuuza ndoo ndoo kwa abiria wa mabasi ya Iringa, bei ya kutupa.

Mwezi uleule mama yangu akapata kiharusi. Hapo sina cha kueleza sana, mwenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani anajua, asiyejua Mungu amjalie asijue. Nikaenda kwa wale jamaa wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza, laki tano, marejesho kila Jumatatu.

Sasa sikilizeni. Mimi ni mzee wa kanisa, Anglikana, na kipindi hicho nilikuwa mtunza hazina wa mtaa wetu. Kwa nje ulokole ulikuwa umenyooka, ukinikuta kwenye daladala unaniuliza habari nakwambia "Bwana ni mwema", shati limepigwa pasi. Ila simu nilizima. Nikanunua laini nyingine namba wakajua watu wanne tu. Yule mzee wa pembejeo, ambaye ni Muislamu safi, swala tano, alipiga mpaka akachoka. Siku moja nimemuona kwa mbali pale Sabasaba nikaingia kwenye banda la mitumba nikajifanya nachagua sidiria. Mzee wa kanisa. Muuzaji ananiuliza saizi ya shemeji ngapi!

Haikuishia hapo. Kwenye sanduku nyumbani kwangu kulikuwa na hela ya bati za kanisa, milioni moja laki moja na nusu. Jumatatu moja wale wa kausha damu wamekuja na kijana mmoja kapanda gari la kubebea makochi, mama amelala chumba cha pili anasikia kila kitu. Nikafungua sanduku. Nikachukua laki tatu na nusu. Nikajiambia nakopa, wiki mbili narudisha. Ningemsikia mtu mwingine anasema hivyo ningemhubiria saa nzima.

Wiki zikapita sita. Ikafika zamu yangu ya kuhubiri na somo la siku ile likawa Matendo 16, Paulo na Sila gerezani Filipi. Habari hiyo nimeihubiri mara nyingi na kila mara napiga kelele kwenye verse ya 25, wakamwimbia Mungu usiku wa manane, imbeni hata kwenye shida, watu wanaitika amina tunaenda nyumbani. Jumamosi usiku naisoma tena na kibatari maana luku iliisha, nikaona kitu sijawahi kukiona. Nyimbo walizisikia wafungwa. Mlinzi wa gereza hakusikia hata moja, alikuwa amelala! Verse ya 27 inasema ndo akaamka, akaona milango wazi, akatoa upanga ajiue kwa kujua watu wamekimbia. Na kilichomfanya aanguke anatetemeka aulize afanye nini apate kuokoka ni sauti ya Paulo gizani, "usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa".

Sote tupo hapa. Milango iko wazi na hamjakimbia.

Mimi nilikuwa naimba vizuri tu wakuu. Ila nilikuwa nimekimbia. Mlinzi wangu yuko pale mjini dukani kwake na upanga mkononi, na mimi niko na laini mpya.

Asubuhi sikuhubiri. Nilimfuata katekista kabla ya kengele nikamwambia hela ya bati imepungua na aliyeipunguza ni mimi. Alikaa kimya nikasikia mpaka kuku wanaparua nje. Jumatatu nikawasha laini ya zamani, meseji zikaingia kama dakika tatu simu inatetemeka tu mezani, nikapanda gari mpaka mjini kwa yule mzee. Nilimkuta anapima mbegu. Nikamwambia shekhe wangu sina hela, sikuja kulipa, nimekuja unione. Akaweka kipimio chini. Akasema, "mimi wanaozima simu huwa nawafuta, najisemea hiyo ilikuwa sadaka. Wewe nilikuwa sijakufuta ila nilikuwa karibu." Tukapanga elfu arobaini kwa mwezi.

Ngoja nile, narudi.

---

Kiboko ya Mlenda

Chai hii haina hata sukari. Mlokole kabisa unachagua sidiria Sabasaba 😂😂

---

Mama Pacha Singida

Mleta uzi usichelewe, nimeweka kambi hapa. Na pole kwa mama. Mimi mume wangu aliniachia deni la trekta na watoto wawili wa darasa la pili, najua hiyo simu inavyotetemeka mezani.

---

Mkulima wa Mpunguzi

Nimerudi. Ugali wa uwele na mlenda, @Kiboko ya Mlenda ungekuwepo tungegawana.

Sehemu ambayo sikuitarajia ni hii: mjini nilipokelewa vizuri kuliko kanisani. Halmashauri walinivua uhazina siku hiyohiyo, na walikuwa sahihi kabisa, mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Ila kuna wenzangu watatu wanne ambao tumeomba mkesha pamoja miaka, wakaacha kunisalimia. Mmoja akasema kwenye fellowship kuwa mambo kama haya yanamalizwa kimyakimya, nimeutia aibu mwili wa Kristo kwa kujisema. Nilikaa siti ya nyuma karibu na mlango miezi saba. Ukiwa mzee wa kanisa mbele kuna kiti chako, na kile kiti kitupu kila mtu anakiangalia af anakuangalia wewe.

Nikauza pikipiki, laki tatu na nusu ikarudi kwenye bati na kilichobaki kikawamaliza kausha damu. Kikoba niliomba wanipunguzie marejesho, wakakubali kwa kelele nyingi. Kwaiyo kijana wangu ukisoma hapa, jibu langu ni hilo, usikimbie, simu ikiita pokea hata kama huna cha kusema. Habari za kutabasamu zitakuja zenyewe.

---

Berea Mkavu

Mkuu naomba nikuguse kidogo na usikasirike. Umechanganya mambo. Kijana kauliza kuhusu ushuhuda kwenye MAGUMU. Wewe magumu yako nusu ni ya mvua na kiharusi, nusu umejitengenezea. Petro kwenye waraka wake wa kwanza anaandika kwa watu waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia huko, wanateseka kwa jina la Kristo, na anawaambia waziwazi kwenye 4:15, "mtu wa kwenu asiteswe kama mwuaji, au mwivi". Mwivi mkuu. Ile siti ya nyuma uliyokaa ilikuwa mshahara wako, usiipake rangi ikaonekana ni msalaba.

---

Kiboko ya Mlenda

Duh. Kula chuma hicho.

---

Mkulima wa Mpunguzi

@Berea Mkavu sikasiriki, hiyo verse nimelala nayo usiku mwingi kuliko wewe. Ni kweli, siti ya nyuma haikuwa msalaba. Sikuteseka kwa ajili ya Kristo, niliteseka kwa ajili ya laki tatu na nusu.

Ila nikuulize, wangapi huku kwetu wanateswa kwa jina la Kristo? Hapa Dodoma ukivaa kola ya uchungaji unapishwa foleni. Mateso yetu sisi ni ada ya shule, ni kiwanja umeuziwa mara mbili tangu serikali ihamie huku, ni mgonjwa, ni mvua isiyokuja au inayokuja siku mbaya. Na humo humo ndo tunaangukia, hatuangukii kwenye kumkana Kristo mbele ya mfalme. Tungesubiri mateso masafi ndo tushuhudie tungezeeka bila kufungua mdomo.

---

Mrangi wa Kondoa

Mimi ni Muislamu nimepita tu. Huyo mzee wa pembejeo hajabuni, ni Qurani, sura ya Baqara aya ya 280, mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka awe na wasaa, na ukimwachia kabisa ikawa sadaka ni bora zaidi kwako. Lakini hapo kuna kitu nyie wadaiwa hamkielewi. Mwenye kudai hawezi kukupa muda kama hakuoni! Nitamwongezea nani muda, namba haipatikani? Baba yangu ana duka, daftari la mali kauli ukilifungua utalia. Wanaokuja kusema sina, wamo. Wanaoonekana kwenye harusi wamependeza na simu zimezimwa, nao wamo, na hao ndo wanamfanya azungumzie dini za watu vibaya.

Swali moja tu, huyo mzee sasa anasemaje kuhusu wewe?

---

Mkulima wa Mpunguzi

@Mrangi wa Kondoa shukran sana. Hiyo aya alinitajia mwezi wa tatu hivi nilipochelewa siku mbili, sikujua namba yake.

Anasemaje? Ananiita bwana askofu kwa kunitania. Nikienda kulipa ananiwekea kahawa na kashata. Na kabla walokole hamjaniuliza, hapana, hajaokoka, na sijaenda pale na trakti mfukoni. Aliwahi kuniuliza siku moja kwanini nilirudi wakati hata yeye alishaanza kunisahau. Nikamsimulia habari ya yule mlinzi wa gereza na upanga. Alicheka sana pale kwenye "sote tupo hapa". Halafu akahudumia mteja. Mkristo mwenzangu angetaka hapo niseme aliangusha chozi, hakuangusha, aliuza dawa ya kupe.

---

Mwalimu Mstaafu Kongwa

Vijana nawasoma. Nataka kumpinga mleta uzi kwenye "usikimbie" maana ameifanya kama sheria.

Pale kilipo chuo kikuu cha St. John's hapo Dodoma leo zamani ilikuwa shule ya Alliance, baadaye ikawa Mazengo. Kwenye miaka ya 1940 na 1950 alikuwepo mwalimu Mganda anaitwa Festo Kivengere, mtu wa uamsho ule uliotoka Rwanda. Wazee waliomkuta wakimtaja utadhani aliondoka jana. Huyu baadaye akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977 Idi Amin, rais wa Uganda, alipomuua Askofu Mkuu Janani Luwum, Festo alikimbia, yeye na mkewe, usiku, kwa miguu, wakapanda milima wakaingia Rwanda. Alikimbia! Na hakuna anayesema alipoteza ushuhuda. Akiwa huko uhamishoni alikiri mwenyewe kuwa moyo wake ulijaa chuki kwa Amin na ikambidi atubu chuki hiyo kama dhambi nyingine yoyote, halafu akawaambia watu hadharani kuwa amemsamehe. Miguu ilikimbia na moyo nao ulikuwa unakimbia kivyake, ule wa pili ndio alioukamata.

Hata Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Kwa hiyo mtu akipigwa na mumewe, au anatafutwa auawe, asije akasoma uzi huu akabaki ndani kwa sababu ya "sote tupo hapa".

---

Mkulima wa Mpunguzi

Mwalimu shikamoo. Nimekosolewa na nimepokea. Festo alimkimbia muuaji, mimi nilimkimbia mzee wa mbegu anayenidai haki yake. Dada yangu yeyote anayepigwa, ondoka hapo leo.

Hilo la Festo kufundisha hapa sikulijua, nimepita getini pale mara ngapi sijui.

---

Mama Pacha Singida

Mimi nina langu na samahani litakuwa kali. Nimesoma uzi mzima mara mbili, mama yako yumo, katekista yumo, shekhe yumo, hadi muuza mitumba yumo. Mke wako yuko wapi? Asubuhi ile unaenda kumwambia katekista, alikuwa anajua?

Nauliza kwa sababu mume wangu naye alikuwa mtu wa kusimama kanisani na kujisema. Kila mtu alimsifu kwa unyenyekevu. Mimi nilikuwa nasikia mambo ya nyumba yangu kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye benchi na sare ya Umoja wa Akina Mama, na wanawake wenzangu wanageuka kuniangalia nimepokeaje.

---

Kiboko ya Mlenda

Hapa ndo mleta uzi atapotea kama alivyopotea kwa shekhe

---

Mkulima wa Mpunguzi

Sipotei. Nimekaa na hili swali tangu jana jioni ndo maana kimya.

Hakuwa anajua. Ya kikoba alijua, ya kausha damu alijua maana walikuja kwenye makochi yake, ya sanduku hakujua. Alisikia kwa mke wa katekista kisimani kabla ya saa nne. Nilirudi nikamkuta anachambua mchicha, hakuinua kichwa, akaniambia, "Baba Fulani, kwa Mungu umetubu, kwa katekista umetubu, mimi nilikuwa nalala na lile sanduku uvunguni." Basi. Wiki nzima chakula kinawekwa mezani na neno hakuna.

Nilijiona shujaa asubuhi ile ndugu zangu, natembea kifua mbele naenda kuungama. Kumbe ushujaa wenyewe nimeutoa kwenye aibu ya mtu mwingine bila kumuomba. @Mama Pacha Singida ningekuwa na nafasi ya kurudia ningeanza chumbani, af jikoni, kanisani ingekuja ya mwisho. Jana usiku nimemsomea comment yako. Kasema nikwambie "dada asante, na hilo la kugeuka kuniangalia ndo lenyewe".

---

Bodaboda Majengo

Wakuu nyie mnaongea rohoni sana mimi nina swali la mwilini. Kausha damu wananidai, na juzi wamekuja kuchukua friji wakati mke yuko peke yake. Ushuhuda wangu mimi umebaki matusi tu. Nifanyeje?

---

Mama Pacha Singida

@Bodaboda Majengo pole kaka. Kwanza waulize leseni. Tangu ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu (BoT), na mkataba uwe umeandikwa na wewe una nakala. Wengi wa mtaani hawana hata kimoja, ndo maana wanakuja na gari la makochi badala ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Wewe nenda kwa mwenyekiti, andika unadaiwa shingapi, umelipa shingapi, mbele ya shahidi. Deni lako halisi lipo na utalipa ila usikubali mtu aingie kwa mkeo. Mimi lile la trekta nililimaliza hivyo, karatasi karatasi. Kwenye 2 Wafalme 4 kuna yule mjane aliyekuja kuchukuliwa watoto wake wawili na anayemdai. Elisha hakumwambia aimbe. Alimwuliza una nini nyumbani, mafuta yakatoka, akamwambia akauze, alipe deni kwanza, kitakachobaki ndo wale. Watoto wawili na mimi ninao wawili, hiyo sura naisoma kama barua yangu.

---

Mkulima wa Mpunguzi

@Bodaboda Majengo mimi ningekuongezea moja. Matusi ukiyatoa rudi ukayaombe msamaha, hata kwa hao hao. Nilimtukana yule kijana wa gari la makochi, tusi la mama. Baadaye nilipoenda kumaliza nikamtafuta. Alikuwa amekaa juu ya kochi la mtu mwingine, anakula mihogo. Nikamwambia lile neno nalifuta. Akasema, "mzee mimi nilishasahau, natukanwa kila nyumba". Nimekumbuka sana hiyo sentensi, katoto kenyewe kama miaka ishirini.

---

Berea Mkavu

Mleta uzi nilikuwa mkali pale juu. Verse nimesimama nayo ila sauti niliyotumia hapana, niwie radhi. Mama anaendeleaje? Na deni la shekhe limebaki shingapi?

---

Mkulima wa Mpunguzi

Yameisha ndugu yangu. Mama anakaa mwenyewe sasa, mkono wa kulia bado, anamenya karanga kwa mkono wa kushoto na anagombana na sisi kama zamani, hapo ndo tulijua amepona.

Kwa shekhe imebaki laki moja na themanini. Msimu huu nimepogoa nusu ekari tu, ile ninayoweza kuihudumia bila kukopa. Kesho ni tarehe ya kulipa na elfu arobaini haijatimia, nina elfu ishirini na saba. Nimempigia sasa hivi kabla hajapiga yeye. Kasema nije nayo hiyo hiyo, na nimchumie majani ya mzabibu machanga, kuna mgeni wake anayapika.